Mashine ya gemu ya bei chee dukani au Dell ya ofisini ya mtumba?
Ile ya dukani yenye kioo na taa za rangirangi inavutia kweli, ila uliza kadi ya grafiki kwanza, unaweza kukuta ni GT 730 ya 2014 na hiyo prosesa ya i7 wanayoisifia ni i7-2600 ya 2011, yani hela yako imeishia kwenye kesi, lile boksi la nje. Alafu pawa saplai haina hata jina, hiyo ndo inaniogopesha zaidi maana ikiungua inaweza kuondoka na mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta.

Mi nachukua OptiPlex ya mtumba, ndo hiyo Dell ya ofisini, naweka kadi ya grafiki ya GTX 1050 Ti ya GB 4, inakula wati 75 tu na nyingi hazitaki waya wa ziada wa umeme. Ila ukipata OptiPlex nyembamba tafuta kadi ya kimo kifupi, ya kawaida haiingii.