Uzoefu Wangu na Kadi ya Sauti ya Sound BlasterX AE-5 kwa Gemu na Muziki

Sauti inayokuja na ubao mama wa siku hizi si mbaya, na mtu anayetumia hedifoni nyepesi bila kusikia mvumo wowote hana sababu ya kununua kadi. Kwangu hali ilikuwa tofauti: nikisogeza kipanya, nilisikia mkwaruzo hafifu masikioni, na kadi ya picha ilipoanza kufanya kazi nzito katikati ya gemu, mkwaruzo huo uligeuka mluzi mwembamba usiokoma. Zaidi ya hayo, hedifoni zangu ni za omu 250 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme, na ukiwa mkubwa hivi hedifoni huhitaji msukumo zaidi), na hata nilipoongeza sauti mpaka mwisho, muziki ulibaki umefifia.

Nilichagua AE-5 ya kampuni ya Creative, iliyotoka mwaka 2017 na ambayo huchomekwa kwenye nafasi ya PCIe, yaani tundu la kadi za ziada kwenye ubao mama wa kompyuta ya mezani. Maandishi ya kwenye boksi hujisifia kilohezi 384, yaani sauti kupimwa mara 384,000 kwa sekunde, lakini CD hutumia kilohezi 44.1 tu, na sijawahi kusikia faida ya kupita hapo. Kilichonivutia ni amplifaya yake ya hedifoni, ambayo ukinzani wake wa kutolea sauti ni omu 1 na inamudu hedifoni za hadi omu 600. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba ukinzani huo usizidi moja ya nane ya ule wa hedifoni, kwa kuwa ukizidi, besi ya hedifoni nyingi huvimba na kupoteza umbo. Tangu nichague kiwango cha nguvu kinacholingana na hedifoni zangu, besi imekaza, na kwenye rekodi za gitaa nasikia wazi vidole vikiteleza juu ya nyuzi.

Upande wa gemu unahitaji uangalifu zaidi. Kabla ya Windows Vista, toleo la Windows la mwaka 2007, kadi ya sauti iliweza kukokotoa yenyewe mahali sauti inapotokea na kuipunguzia prosesa kazi. Vista ilipoifunga njia hiyo, kazi hiyo ilihamia kwenye programu, kwa hiyo asitokee mtu kukuahidi kwamba kadi mpya itaongeza kasi ya gemu. Sauti ya mzunguko ya kuigiza, yaani ile inayofanya hedifoni zisikike kama spika zilizokuzunguka, naiwasha pale tu gemu yenyewe isipokuwa na mpangilio wake wa hedifoni, maana zikiwashwa zote mbili nyayo za adui aliye ghorofa ya juu husikika kana kwamba zipo kila upande. Kwenye muziki naizima kabisa.

Mwenye kompyuta mpakato hana pa kuichomeka kadi hii. Amfaaye ni kifaa cha nje cha USB, ambacho pia hukaa mbali na kelele za umeme za ndani ya kompyuta. Kabla ya kulipa, asome kwanza omu za hedifoni zake, kisha aulize ukinzani wa kifaa hicho, hata kama boksi halikuutaja.