Pointi za ndege kwa mfanyabiashara wa Unguja: hesabu ya miaka mitatu

Nina duka la mapazia na mashuka pale Mlandege, na kila mwaka huenda Dubai mara tatu au nne kufuata mzigo, hasa mwezi wa Shaaban, maana watu wetu hawaipokei Idi na mapazia ya mwaka jana. Miaka mitatu iliyopita nilijiunga na mpango wa pointi za abiria wa shirika moja la ndege la Ghuba, ambao kila safari unaandikiwa pointi na zikitosha unapewa tiketi, baada ya kijana wa ofisi ya wakala ninakokatia tiketi kuniambia, "Mama, unasafiri sana wewe, unaziacha pointi zako bure." Ninachokipima hapa ni mpango huo wa pointi peke yake. Ndege zenyewe sina ugomvi nazo: zinaondoka, zinafika, na chakula chake kinalika.

Kujiunga ni bure na kunachukua muda mfupi, kwa sharti la kuwa na barua pepe na simu inayopokea ujumbe. Nilipewa namba ya uanachama, nikaambiwa niitaje kila ninapokata tiketi. Nilidhani mambo yamekwisha, na hapo ndipo nilipokosea.

Sisi Wazanzibari tuna majina matatu, la mtu mwenyewe, la baba na la babu, na pasi zetu za kusafiria huliweka la babu mahali pa jina la ukoo. Mimi nilipojisajili nilijaza jina langu na la baba, kama ninavyoitwa mtaani tangu utotoni, ilhali tiketi zangu zilikatwa kwa jina lililo kwenye pasi. Safari mbili za mwanzo hazikuandikwa kabisa. Nilipozidai, nilijibiwa kwa barua pepe kwamba abiria na mwanachama ni watu wawili tofauti. Nilipeleka picha ya pasi, jina likasahihishwa, lakini mpaka hapo muda wa miezi sita wa kudai safari zilizopita ulikuwa umeshapita. Kwa hiyo kati ya safari zangu kumi na moja, zilizoingia hesabuni ni tisa. Anayetaka kujiunga leo na mpango wowote wa aina hii aifungue pasi yake mezani, anakili herufi kwa herufi, na kila kadi ya kupandia ndege aiweke kibetini mpaka aone pointi za safari hiyo zimeingia.

Jambo la pili ambalo sikulielewa mapema ni namna pointi zinavyohesabiwa. Mipango hii ilipoanza, na mmojawapo wa ile ya mwanzo ni AAdvantage wa American Airlines uliozinduliwa mwezi wa Mei 1981, miaka michache baada ya serikali ya Marekani kuacha kuyapangia mashirika nauli na njia za ndani, abiria alihesabiwa umbali aliosafiri, ndiyo maana wengi bado wanaziita maili. Siku hizi mashirika mengi yanaangalia fedha uliyolipa au daraja la tiketi uliyonunua. Kutoka Unguja hadi Dubai ni karibu maili 2,400 kwenda tu, yaani kwenda na kurudi zinakaribia 4,800, lakini mimi ninayekata tiketi ya rahisi kuliko zote nilikuwa napata pointi 2,600 tu kwa safari nzima. Aliyekaa kiti cha pembeni yangu kwa tiketi inayoruhusu kubadilisha tarehe alipata zaidi, ingawa tulikula sahani moja na kushuka mlango mmoja.

Tiketi ya pointi ya kwenda Ghuba na kurudi ilitaka pointi 30,000. Safari tisa kwa 2,600 ni 23,400. Hata kama zile mbili zilizopotea zingeandikwa, ningefika 28,600, bado pungufu ya 1,400, na pointi hufa baada ya miaka mitatu. Msomaji ataliona tatizo mwenyewe: kwa mwendo wangu na kwa tiketi ninazozimudu, pointi za safari ya kwanza zinaanza kufa kabla za safari ya mwisho hazijatosha. Nilijiona kama mtu anayeteka maji kwa ndoo inayovuja, anayejaza huku na kupoteza kule.

Kilichoniokoa ni akaunti ya familia, na katika mpango wote huu hicho ndicho kitu ninachokisifu bila kusita. Wanafamilia wanaruhusiwa kuunganisha pointi zao kwenye fungu moja. Mdogo wangu wa kiume anauza vipuri vya pikipiki na alikuwa ameshakwenda Guangzhou mara mbili kwa shirika hilohilo, akapata pointi 5,200 kila safari, wala hakuwa na habari nazo. Tulipoziunganisha tukafika 33,800. Tukakubaliana kwamba zitumike kumpeleka mama yetu Muscat kwa dada yetu, ambaye hawajaonana tangu alipoolewa huko.

Mama anaishi Wete, kisiwani Pemba. Kanuni inasema tiketi ya pointi haitolewi ila kwa mtu aliyeandikwa kwenye orodha ya familia, na kila anayeandikwa lazima athibitishe kwa namba inayotumwa kwenye simu yake. Nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta Mlandege, mama yuko Wete na simu yake ya vitufe, na namba ile ina uhai wa dakika chache tu. Mara ya kwanza aliifungua, akaivaa miwani, akaanza kunisomea, ujumbe ukazimika. Mara ya pili mtandao ulikatika baada ya tarakimu ya nne. Mara ya tatu aliniambia kwa upole, "Mwanangu, namba zenyewe zimeshakimbia." Mara ya nne alimwita mjukuu wa jirani, mtoto wa darasa la tano, akazisoma zote sita kwa pumzi moja. Walioupanga mpango huu, nadhani, hawakumfikiria mama wa Wete.

Viti navyo vina hadithi yao. Tiketi ya pointi haikupi kiti chochote kilichobaki ndegeni. Shirika linatenga viti vichache kwa kila safari, na vikiisha vimeisha. Nilitafuta Disemba, sikupata. Nikatafuta Julai na Agosti, miezi ambayo ndege za kuja kwetu zimejaa watalii, sikupata. Shaaban ndiyo sikuthubutu hata kuuliza. Kilichopatikana ni katikati ya Mei, wakati wa masika, jambo ambalo kwa mama halikuwa na tatizo, ila kwa mwalimu anayesubiri likizo au mfanyabiashara mwenye msimu wake lingekuwa kikwazo kikubwa.

Tena tiketi hiyo si ya bure, ingawa tangazo linaiita hivyo. Kodi na tozo za viwanja, pamoja na tozo nyingine ya shirika lenyewe, nililipa dola 118. Wiki hiyohiyo tiketi ya kawaida ya njia ile ilikuwa dola 460. Kwa hiyo pointi 30,000 ziliniokolea dola 342, yaani kila pointi ilikuwa na thamani ya senti moja ya dola na kidogo. Nikaigeuza hesabu: safari yangu moja ya Dubai, yenye pointi 2,600, ilikuwa inanirudishia thamani isiyofika dola 30.

Hesabu hiyo iliniuma kwa sababu moja. Katika miaka hiyo mitatu niliwahi mara tatu kukataa tiketi ya shirika jingine iliyokuwa rahisi kwa dola 60, kwa kisingizio cha kutunza pointi. Nilipoteza dola 180 ili nipate pointi ambazo thamani yake haifiki dola 90. Mfanyabiashara anayepunguziwa shilingi mia kwenye mita ya pazia na akafurahi, huyohuyo anaacha dola 60 kwenye kaunta ya tiketi kwa kupewa namba kwenye simu! Ndiyo kazi ya mipango hii, na inaifanya vizuri. Kwa mashirika, pointi ni mali hasa: mwaka 2020, ndege zilipokuwa zimelala chini kwa ajili ya korona, Delta ya Marekani ilikopa dola bilioni 9 kwa kuuweka rehani mpango wake wa SkyMiles, na mwaka uliofuata American ikapata bilioni 10 kwa rehani ya AAdvantage. Kwako wewe abiria ni ahadi tu, na masharti uliyoyakubali siku ya kujiunga yanamruhusu mtoa ahadi aibadilishe bei apendavyo.

Kuna wanaouliza mbona Wamarekani wanasafiri dunia nzima kwa pointi. Wao kwa sehemu kubwa hawazipati angani. Wanazipata kwenye kadi za mkopo za benki, na benki ndizo zinazozinunua kwa mashirika. Sisi huku tunalipa taslimu kwa wakala au kwa simu, na wengi wetu kadi ya mkopo hatuitaki kwa ajili ya riba. Hukumu yake ni ya wanavyuoni, si yangu, lakini kwa upande wa hesabu maana yake ni kwamba mlango mpana wa pointi kwetu umefungwa, na umebaki ule wa kupanda ndege.

Ikiwa ni hivyo, ushauri wangu kwa msafiri wa Unguja au Pemba ni kukata tiketi kwa bei, saa na kilo za mzigo kwanza, na kuziacha pointi zije zenyewe nyuma. Anayebadilisha mashirika asiogope kwamba pointi zake zitatawanyika, maana mashirika mengi yameungana. Ethiopian na Turkish, yote yanayotua Unguja, yamo katika muungano wa Star Alliance, na safari ya lolote kati yao inaweza kuandikwa katika akaunti moja, ikiwa daraja la tiketi linaruhusu. Qatar Airways, ambayo tangu 2022 inatumia pointi za Avios sawa na British Airways, iko katika muungano wa oneworld pamoja na Oman Air iliyoingia mwaka 2025. Kenya Airways iko katika ule wa SkyTeam. Uhai wa pointi nao unatofautiana, na mtu auangalie kabla ya kuchagua pa kuziweka: Avios hazifi madhali akaunti haikulala miezi 36, kwa hiyo mwenye safari chache huko anapumua zaidi kuliko kwenye mpango niliokuwa nao mimi.

Mwenye safari za kila mwezi ana hesabu nyingine, na hapa naisema tofauti kwa sababu nimeiona kwa jirani yangu wa duka. Yeye hatafuti tiketi ya bure, anatafuta daraja la uanachama, ambalo hupanda kadiri mtu anavyosafiri. Katika Skywards, mpango unaotumiwa kwa pamoja na Emirates na flydubai, daraja la Fedha (Silver) linaanzia maili 25,000 zinazohesabiwa kwa ajili ya kupanda daraja, na kwenye ndege za Emirates linamwongezea abiria kilo 12 za mzigo. Emirates haitui Unguja, kwa hiyo yeye hupanda boti asubuhi hapo bandari ya Malindi, mjini Unguja, mpaka Dar es Salaam, lakini anasema kilo hizo 12 kila safari zinalipa nauli ya boti na kubakisha. Nimemwona akipima mabegi yake dukani kwa mizani ya kuning'iniza, akiyapanga kilo kwa kilo, na namwamini. Kwa safari zangu tatu au nne za tiketi rahisi, daraja hilo nitalisikia tu.

Nilipowauliza wahusika wa mpango wangu kwa nini jibu moja la barua pepe linachukua siku tisa, nilijibiwa siku ya kumi na moja kwamba maoni yangu ni muhimu kwao.

Mama alikwenda na akarudi salama. Begi alilotoka nalo Wete likiwa na mbatata na maembe makavu lilirudi na halua na vitambaa, na pale kaunta hakuna aliyemuuliza tiketi yake ililipwa kwa nini. Uanachama wangu sijaufunga, kwa sababu haunigharimu kitu, na mara ya mwisho Shaaban ilipoingia nilikwenda Dubai kwa shirika jingine lililokuwa rahisi. Pointi 3,800 tulizobakiwa nazo, ambazo zilikuwa zife mwezi uliofuata, tuliziachia safari ya mdogo wangu: zilikubalika kulipia kilo tano za mzigo wa ziada, akanibebea pete za mapazia, katoni moja na nusu.