TAHADHARI: "Mratibu wa miswada mipya" anayewawinda waandishi wa simulizi za kusisimua

Waandishi wenzangu, hasa ninyi mnaorusha simulizi za upelelezi, za mapenzi na za majini kwenye Facebook na magrupu ya WhatsApp, someni hii kabla hamjamjibu mtu yeyote anayejitambulisha kama "mratibu wa miswada mipya". Kuna kikundi kinazunguka. Jina la kampuni silitaji kwa sababu limeshabadilika zaidi ya mara moja tangu tuanze kuwafuatilia. Nembo ni ile ile, rangi ndiyo mpya, na ukurasa wa zamani umefutwa pamoja na malalamiko yote yaliyokuwa chini yake. Ukikariri jina utapigwa na jina linalofuata. Angalieni mwendo wao.

Umemaliza simulizi, umeandika MWISHO, wasomaji wanakulilia msimu wa pili. Siku mbili tatu baadaye inaingia meseji. Anakuita mwandishi nguli. Anamtaja mhusika wako mkuu kwa jina, anagusia tukio moja la katikati, kisha anasema bodi ya wahariri imekaa na kazi yako imepita. Hujawahi kutuma kazi kwa bodi yoyote. Lakini ni wangapi kati yetu tumewahi kusifiwa na mtu anayejiita mhariri? Hilo la kumtaja mhusika lisikubabaishe. Siku hizi mtu anabandika sehemu zako kwenye programu ya akili mnemba, inamtolea aya nzima ya sifa palepale, na yeye mwenyewe hajasoma hata mstari.

Anakuambia mkataba uko tayari na hutoi hata senti. Gharama huja baadaye, moja moja, na kila moja imevishwa jina la kitu cha kweli: ada ya ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu), usajili wa COSOTA (ofisi ya hakimiliki Tanzania), uhariri, jalada, "kuingizwa Amazon". Malipo yote yanaelekezwa kwenye laini ya mtu binafsi, na jina linalotokea kwenye muamala silo la mratibu. Ukiuliza, unaambiwa huyo ni mhasibu. Ukishalipa ya kwanza, ya pili inakuja na presha: mashine imeshawashwa kiwandani, usipomalizia leo kitabu kinatolewa kwenye foleni. Kijana mmoja wa Mbeya, anayeandika riwaya za kutisha vizuri kuliko nyingi zilizoko madukani, alifika hadi kuuza pikipiki.

Nitakaa kidogo kwenye ISBN, maana hapo ndipo wanapowapiga wengi. Kwa Tanzania namba hiyo inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, kwa Kenya inatolewa na KNLS, huduma ya maktaba ya taifa, na mwandishi anayejichapishia anaweza kuiomba mwenyewe bila wakala. Namba nyingi za Tanzania, baada ya tarakimu za mwanzo 978, huendelea na 9976 au 9987. Za Kenya nyingi huendelea na 9966. Sasa vitabu nilivyoletewa na wenzetu waliolipia "ISBN ya Tanzania" vina namba inayoanza na 979-8. Hiyo ni ya Marekani, na ndiyo aina ya namba ambayo Amazon humpa bure mtu yeyote anayeweka kitabu cha karatasi kwenye huduma yake ya kujichapishia. Kuweka kitabu huko nako ni bure. Yaani mwenzetu amelipia vitu viwili visivyouzwa, tena namba yenyewe haitumiki nje ya Amazon, kwa hiyo akitaka kupiga chapa nakala zake hapa Dar inabidi aanze upya.

Mwingine alipewa namba ya kubuni kabisa. Hiyo unaikamata kwa kalamu na karatasi. Tarakimu ya kwanza izidishe kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, ya nne kwa 3, hivyo hivyo hadi ya 13, halafu jumlisha zote. Jumla isipogawanyika kwa 10 bila kubaki kitu, hiyo si ISBN. Ikigawanyika, bado hakikisha haikunyofolewa kwenye kitabu cha mtu mwingine.

Hakimiliki ndiyo rahisi zaidi. Haisubiri malipo ya mtu. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, na sheria yetu ya 1999 inakulinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufariki kwako, tangu pale unapoiandika kazi. Kusajili COSOTA kunakusaidia kama ushahidi siku ya ugomvi, na ofisi iko wazi. Nenda mwenyewe.

Hizo ni pesa. Lipo linaloniuma zaidi, na waliopigwa wengi hawalioni mpaka limeshawafika: ule mkataba.

Nimeusoma, kwa sababu watu kadhaa wameniletea nakala zao. Kurasa mbili, herufi ndogo, Kiswahili kimerukiana na Kiingereza cha kisheria kilichookotwa mahali. Katikati kuna kipengele ambacho, kwa maneno yangu, kinasema mwandishi anaikabidhi kampuni haki zote za kazi hiyo, majina ya wahusika, mwendelezo wowote, tafsiri, sauti, filamu na tamthilia, duniani kote, kwa muda wote wa hakimiliki. Anayekabidhi vyote hivyo anapata nini? Mrabaha, yaani fungu la mwandishi kwenye mauzo, wa asilimia 50 "baada ya kurejeshwa gharama". Anayehesabu gharama ni kampuni. Wachapishaji wa kawaida wa kwetu mara nyingi hutoa kama asilimia 10 tu, na mtu akiona 50 anadhani ameula. Asilimia 50 ya kitu kisichofika ni sifuri. Bora 10 yenye hesabu ya mauzo kila mwaka.

Kwa mtu aliyeandika kitabu kimoja cha kumbukumbu za maisha yake, mkataba huo unamla kitabu kimoja. Sisi wa riwaya za kusisimua unatula kazi ya miaka ijayo, kwa kuwa tunaishi kwa mhusika anayerudi. Ben Mtobwa aliandika kisa baada ya kisa cha mpelelezi wake Joram Kiango, tena akiwa na kampuni yake mwenyewe ya uchapishaji, Heko, na msomaji alikwenda dukani kumtafuta Joram. Jasusi wako ndiye mtaji wako. Ukisaini kipengele kile, msimu wa pili unaoandika usiku huu si wako. Mtu wa redio akitaka kuuigiza, au mwenye app ya simulizi za sauti akiutaka, wao ndio wanaozungumza naye.

Na hawakukiweka kwa bahati mbaya. Dada mmoja tunayeandika naye alikuta simulizi yake inasomwa kwa sauti YouTube, jina la mtunzi si lake, sehemu baada ya sehemu. Alipolalamika alirushiwa picha ya sahihi yake mwenyewe.

Kuna kisa cha Marekani ambacho kila mwandishi wa riwaya za aina yetu angestahili kukijua. Mwaka 2004 kundi la waandishi wa hadithi za kisayansi na za kubuni ulimwengu, likiongozwa na James D. Macdonald, lilitaka kuipima kampuni ya PublishAmerica, iliyokuwa ikidai kwamba inachuja miswada kama mchapishaji yeyote makini. Wakaandika kwa pamoja riwaya mbovu kwa makusudi, Atlanta Nights. Kila mmoja alipewa sura yake bila kujua wengine wanaandika nini. Sura moja iliachwa wazi, nyingine ilitungwa na kompyuta kwa kuvuruga maneno ya sura zilizotangulia. Mswada ukakubaliwa. Waandishi walipotangaza Januari 2005 kwamba ulikuwa mtego, kampuni ikabadili kauli na kuukataa. Ni huyo huyo Macdonald aliyetoa kanuni ambayo waandishi wa huko wanaitumia hadi leo: pesa ziende kwa mwandishi, zisitoke kwake.

Tukawaiga. Tulimtumia mratibu wetu mswada ambamo muuaji anazikwa sura ya pili, sura ya nne anaendesha daladala ya Mbagala, na sura ya tano ni sura ya tatu imenakiliwa yote na kupachikwa tena, hata kichwa hatukubadilisha. Jibu lilikuja kabla ya jua kuzama. Bodi imekaa. Imevutiwa na "mtiririko murua wa visa na uhai wa wahusika". Uhai wa wahusika! Chini yake palikuwa na ada ya ISBN na ile ile namba ya mhasibu.

Msidhani tunaolizwa ni sisi wa huku tu. Marekani, watu watatu wanaohusishwa na kampuni iitwayo PageTurner walikamatwa Desemba 2024. Waendesha mashtaka walidai waandishi zaidi ya 800 walitozwa jumla ya zaidi ya dola milioni 44 kwa ahadi za wachapishaji wakubwa na studio za filamu. Hayo ni madai ya mashtaka wakati wanakamatwa. La Filippo Bernardini limeshaisha: alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya uchapishaji ya Simon & Schuster huko London, akakamatwa New York Januari 2022 na kukiri kosa mwaka uliofuata. Kwa miaka alijifanya wahariri na mawakala wa kweli ili atumiwe miswada ambayo haijatoka. Anwani zake za barua pepe zilitofautiana na za kweli kwa herufi moja au mbili tu. Alipenda kuandika r na n zikae pamoja, na kwenye skrini ya simu zinasomeka m. Kwa hiyo mtu akikuandikia kwa jina la nyumba ya uchapishaji unayoiheshimu, usibonyeze kujibu. Tafuta namba ya ofisi iliyopigwa chapa kwenye kitabu chao kilichoko dukani, piga, uliza kama huyo mtu yupo.

Tuzo nazo zimeingia mkumbo huo. Kuna "tuzo" mpya kila msimu inayodai ada ya kushiriki, ada ya cheti, ada ya meza siku ya hafla. Tuzo zetu zinazoeleweka, ile ya Safal-Cornell na ile ya Mwalimu Nyerere inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, mshindi ndiye anayepewa pesa.

Kuna ndugu ataniuliza, kwani kujichapishia kwa pesa yako ni vibaya? Hapana, Mtobwa huyo nimeshamtaja. Tofauti iko kwenye karatasi. Unapojichapishia, mhariri unamlipa kwa kazi ya uhariri, mchora jalada kwa jalada, kiwanda kwa idadi ya nakala, na kila mmoja anakuandikia risiti yake. Nakala zinakuja kwako, faili la jalada linakuja kwako, haki hazitoki nyumbani. Mchapishaji wa kawaida naye anagharamia hayo yote mwenyewe, ndiyo maana anachelewa kujibu na mara nyingi anakataa. Kimya cha miezi kinachosha, najua, na hawa jamaa wanaishi kwenye kimya hicho. Anayekutoza kama kiwanda huku anachukua haki kama mchapishaji, huyo mwache. Ukiletewa mkataba wowote ule, tafuta kwanza maneno "wahusika" na "mwendelezo". Halafu tafuta muda: haki zinarudi kwako lini, na kitabu kikiadimika madukani inakuwaje? Mchapishaji mwenye nia njema atakubali haki ya kitabu hicho kimoja, kwa lugha hiyo, kwa miaka inayotajwa. Akikataa kufuta "mwendelezo wowote", umeshajua alichofuata.

Kwa aliyekwisha kulipa: usitume ya pili kwa matumaini ya kuikomboa ya kwanza. Usifute mazungumzo hata kama yanakuumiza roho. Piga picha za skrini zikionesha namba na tarehe, hifadhi ujumbe wa muamala, tuma nakala kwenye barua pepe yako. Tanzania, meseji na namba za kitapeli zinaripotiwa kwenda 15040; kwa laini za Safaricom ni 333. Kisha nenda polisi ufungue jalada, sheria ya makosa ya mtandao ipo tangu 2015, na upewe RB, ile namba ya taarifa yako polisi. Kwa aliyekwisha kusaini, usiwapelekee msimu wa pili, usiuweke popote hadharani kwa sasa, na nenda COSOTA au kituo cha msaada wa kisheria na mkataba mkononi. Waandikie kampuni kudai hesabu ya mauzo na ya hizo "gharama", kwa maandishi. Wakinyamaza, kimya chao nacho ni ushahidi, kihifadhi na tarehe yake.

Kama mkataba wako una kipengele cha wahusika na mwendelezo, nitumie picha ya ukurasa huo tu, ukiwa umefunika jina lako, sahihi na namba ya NIDA. Tunazilinganisha. Mpaka sasa zote zimetoka kwenye faili moja: majina ya kampuni ni tofauti, lakini kila nakala imeandikwa "mwandshi" mahali palepale.