Dagger 2: kwa projekti kubwa naipa nyota nne

Wadau, Dagger 2 ni tuli ya Java inayokuunganishia klasi za programu, ila kama programu yako ina skrini mbili tatu achana nayo kwanza, unganisha vitu vyako kwa mkono na utaishi vizuri tu. Ninaongea na wale wenye moduli kibao na timu kadhaa zinazogusa kodi ileile.

DI (dependency injection) yenyewe, yaani huko kuunganisha ambako Dagger inakufanyia, ni jambo jepesi, klasi isijitengenezee vitu inavyovitegemea, ipewe kutoka nje kupitia konstrakta, basi. Klasi ya malipo haina haja ya kujua databesi inafunguliwaje. Martin Fowler ndo alilipa hilo jina nguvu kwenye makala yake ya 2004, ila watu walishaanza kufanya hivyo kabla. Utamu wake unauona kwenye testi, unaipa klasi databesi feki na inafanya kazi bila kujua tofauti.

Sasa klasi zikifika mamia, hii inataka ile, ile inataka nyingine mbili, moja kati ya hizo itengenezwe mara moja tu kwa programu nzima, halafu mtu anaongeza kitu kimoja kwenye konstrakta inabidi mzunguke kila mahali inapoitwa mrekebishe, hapo ndo Dagger inalipa. Dagger ya kwanza ilitoka kampuni ya Square, hii ya pili ikaendelezwa na Google. Guice, tuli nyingine ya DI, inaunganisha vitu programu ikiwa inaran, kwa hiyo ukisahau kitu unaweza kukigundua imeshawaka, lakini Dagger inazalisha kodi ya Java ya kawaida kabisa wakati wa kukompaili, na ukisahau inagoma palepale. Klasi mbili zikitegemeana kwa duara pia inakataa. Kwa timu kubwa hili peke yake linatosha kunifanya niichague, maana kosa analiona aliyelifanya, tena kabla kodi haijamfikia mwingine. Na hiyo kodi iliyozalishwa unaifungua unaisoma, hakuna uchawi.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ujumbe wake wa makosa ni mrefu na unachosha, bildi inakuwa nzito, na mgeni akifika kwenye mambo ya komponenti (kinachokusanya vitu na kuvitoa) na skopu (kitu kimoja kitumike kwa muda gani) anapotea kabisa. Hilt, tuli iliyojengwa juu ya Dagger ikaja 2020, imepunguza hiyo adha ila ni kwa Android tu.

Kitu kingine angalieni sana wakati wa kupitia kodi za wenzenu: kuongeza kitegemezi kunakuwa rahisi mno, mtu anaandika mstari mmoja kimekuja, na kidogo kidogo konstrakta inabeba vitu kumi na mbili. Dagger haitalalamika. Hiyo klasi inafanya kazi nyingi kupita kiasi, igaweni.

Kwa anayesitasita, anza kuweka @Inject kwenye konstrakta zako, alama inayoiambia tuli itumie konstrakta hiyo, ni ileile ambayo Guice nayo inaielewa, kwa hiyo ukibadili mawazo baadaye klasi zako nyingi hutazigusa.