Miezi nane na gari ya umeme: barabarani raha, ikipaki ndo inanila

Nina gari ya umeme mwezi wa nane huu, SUV ndogo yenye betri ya uniti 60, kampuni siitaji maana bado nategemea wanihudumie na sitaki vita na mtu. Kwenye kutembea sina neno kabisa. Goba mpaka Posta kwenda na kurudi nachoma luku ya kama elfu tatu, wakati ile Harrier yangu ya zamani safari hiyohiyo ilikuwa inameza karibu elfu ishirini ya mafuta foleni ikikubana. Kimya, AC kali, milima ya Goba inapanda kama haina habari. Mambo ya mwendo mtayasoma kwingine, mimi nataka kuongelea gari ikiwa imesimama, imezimwa, imefungwa, na wewe mwenyewe uko mbali.

Mwezi wa tano tulipata msiba Bukoba, baba mdogo, tukafunga nyumba familia nzima tukapanda basi. Gari nikaiacha chini ya mwembe uani ikiwa na asilimia 80, maana kwenye kitabu chao wamesema ukiiacha muda mrefu usiijaze mpaka mwisho wala usiiache chini sana. Kamera za ulinzi za gari nilizizima mwenyewe, nakumbuka kabisa, maana najua zile zikikesha macho zinakula. Ufunguo nikautundika kwenye msumari wake pale mlangoni kama siku zote.

Siku ya pili niko Bukoba nafungua apu kwenye simu, 76. Nikasema aah labda inajipanga. Kesho yake 72. Sasa hapo ndo nikaanza ugonjwa, yaani kila nikitoka kwenye turubai kidogo natoa simu naangalia, asubuhi naangalia, usiku kabla sijalala naangalia, wake za ndugu wakawa wananiuliza shemeji kuna tatizo nyumbani, nawajibu hapana ni gari inapungua, wananitazama kama nimechanganyikiwa, gari inapunguaje na haiendi popote? Asilimia 4 kila siku. Siku ya 17 apu ikaandika gari haipatikani, basi, kimya mpaka tunarudi.

Tumefika Goba saa tatu usiku na mabegi, nabonyeza rimoti, hakuna kitu. Vile vishikio vya milango vinavyojificha ndani ya bodi vikagoma kutoka. Ikabidi nichomoe kile kifunguo cha chuma ndani ya rimoti, nikatafute tundu lake chini ya kifuniko cha plastiki kwa tochi ya simu, mlango ukafunguka, ndani giza totoro. Nikasema poa, nachomeka chaja, taa ya chaja ikawaka kijani vizuri tu ila gari haina habari nayo. Hapo ndo nilichoka.

Kwa wasiojua, haya magari yana betri mbili. Ile kubwa ya chini inayosukuma gari, na kabetri kadogo ka volti 12 kama ka Vitz, ambako ndo kanaendesha milango, taa, kompyuta, na muhimu zaidi kanavuta zile swichi kubwa zinazoiunganisha betri kubwa na gari. Kabetri kadogo kakifa, betri kubwa hata ikiwa na uniti za kutosha kukufikisha Bagamoyo huwezi kuzifikia, na hata kuchaji huwezi, kwa sababu mlango wa kuingizia umeme unafunguliwa na kilekile kilichokufa. Ni kufa kiu umekaa juu ya simtanki.

Mzee jirani ndo aliniokoa. Nimemgongea, shikamoo mzee, samahani kwa usiku huu, akatoka na msuli na nyaya zake za kubustia, akasogeza Carina yake mpaka pua kwa pua na gari yangu. Akaniuliza mara mbili, "Mwanangu, una uhakika hii haitalipuka?" Tukashika chanya, tukashika hasi, dakika kama tano hivi, mara chini ya siti ikalia KAK! kioo cha dashibodi kikawaka. Asilimia 11. Mzee akacheka, akasema kumbe ya mafuta bado ina kazi.

Kesho yake asubuhi niko kwa wakala aliyeniuzia gari. Dada wa mapokezi mstaarabu kweli, kaka karibu, kaka kahawa, ila jibu lenyewe lilikuwa "hiyo ni kawaida kwa magari ya umeme". Kawaida ni asilimia ngapi kwa siku, dada? Hajui, anaenda kuuliza. Akaja jamaa wa ufundi ananiambia ni joto la Dar. Sikatai, kuna magari yanajiwasha feni kupoza betri jua likizidi, lakini yangu iko chini ya mwembe na mvua za mwezi wa tano zilikuwa zinapiga. Nikabanwa na la tatu, kwamba ningeiacha kwenye chaja. Yaani nyumba haina mtu wiki tatu, umeme unakatika na kurudi unavyojisikia, niache waya umechomekwa? Halafu la nne ndo liliniudhi, kwamba kabetri kadogo kameharibika na waranti haihusiki sababu kuna mtu kachezea nyaya, kafunga traka, kile kifaa cha kufuatilia gari iko wapi. Traka hiyo ilifungwa hapohapo kwao kabla sijakabidhiwa gari, kwa masharti ya benki iliyonikopesha, na risiti ninayo ina muhuri wao. Nikaitoa. Akaiangalia sana ile risiti.

Sikugombana, nikaenda kwa fundi wangu wa umeme wa magari, Tabata. Huyu kijana hajawahi kusomea magari ya umeme ila ana akili ya kuuliza. Akaniambia bosi, tatizo tukifungua boneti gari inaamka, kwa hiyo tutapima gari iliyoamka wakati sisi tunataka iliyolala. Akachukua bisibisi, akasukuma kile kitasa cha boneti mpaka kikajifunga chenyewe huku boneti iko juu, gari ikadhani imefungwa. Akazungushia mita yake ya kubana kwenye waya hasi wa kabetri kadogo, tukafunga milango, ufunguo akampa dogo mmoja apeleke ng'ambo ya barabara kwa mama ntilie, tukakaa tukasubiri. (Ukijaribu nyumbani usisahau kukirudisha kitasa kabla hujabamiza boneti, utanilaumu.)

Gari iliyolala vizuri inatakiwa ivute kidogo sana, sehemu ndogo ya ampea, kama 0.05 hivi kushuka chini. Yangu ilikaa kwenye ampea karibu 2 kwa dakika arobaini, ikashuka, nikafurahi, tukaagiza chai, chai haijafika namba ikapanda tena. Inalala inaamka, inalala inaamka, kama mtoto mwenye homa. Fundi akasema hii kuna mtu anaiita.

Nikaamua nipime mwenyewe nyumbani, siku kumi na mbili nimepanda daladala kama zamani, kila saa moja asubuhi naandika nyuma ya kalenda ya ukutani. Siku nne za kwanza kila kitu kama kilivyo ila apu sifungui kabisa, nasoma kwenye kioo cha dashibodi tu: 88 ikaja 78, yaani mbili na nusu kwa siku. Umeona hapo? Bukoba ilikuwa nne. Tofauti ni mimi! Kila nilipokuwa nafungua apu kuangalia kama inapungua, gari inaamshwa ijibu, ikiamka inakula wati mia mbili na kitu, na hairudi kulala mpaka dakika kama ishirini zipite. Ukiangalia mara kumi na tano kwa siku, na msibani nilifikisha, umeshachoma uniti nzima kwa wasiwasi tu. Hili mtu wa mauzo angeniambia siku ya kwanza, ni sentensi moja.

Siku nne zilizofuata nikahamisha ufunguo. Ule msumari wa mlangoni na pua ya gari ni hatua tatu, na hizi rimoti ambazo hazihitaji kubonyezwa zinaongea na gari muda wote zikiwa karibu. Nikauweka kwenye kopo la biskuti la bati chumbani. Ikashuka mpaka moja na nusu kwa siku. Siku nne za mwisho fundi akachomoa traka, ikawa moja. Traka yenyewe haili kitu cha maana, ila kwa kuwa inanyonya moja kwa moja kwenye kabetri kadogo kanachoka haraka, betri kubwa inabidi iamke kukajaza, na kila ikiamka na kompyuta zote zinaamka nayo kama familia ikisikia mwizi.

Asilimia moja ndo nikaanza kuielewa, maana Tesla wao wameandika kabisa kwenye kitabu chao kwamba gari ikipakiwa tegemea kama asilimia 1 kwa siku, na zile kamera zao za ulinzi zinajizima betri ikifika 20. Sio kwamba ni wasafi, ila wamekupa namba, unaweza kudai ikizidi. Na mwaka 2021 wakaanza kuachana na kabetri ka zamani ka madini ya risasi wakaweka ka lithiamu. Hyundai nao mwaka 2024 kule Marekani waliita magari karibu laki moja mwezi wa tatu kwa sababu kile kifaa kinachochaji kabetri ka volti 12 kinaweza kuharibika na gari ikapoteza nguvu ukiwa barabarani, na mwezi wa kumi na moja wakayaita tena, safari hii zaidi ya laki na arobaini. Kwa hiyo kabetri kadogo sio shida ya Goba. Hata zile Nissan Leaf za mwanzo za 2011 ukiona yenye kijisola kidogo pale nyuma juu, kazi yake ilikuwa kukachaji kabetri hakohako, nilikuwa nadhani ni urembo.

Basi nikaandika barua pepe makao makuu ya kampuni iliyotengeneza gari yangu huko nje, nikaweka picha ya kalenda, video ya mita, risiti ya traka. Jibu la kwanza likaja baada ya siku nne, ndefu, tamu, imekopiwa mahali, inaniambia matumizi yako ndani ya kiwango cha kawaida. Nikajibu mstari mmoja: kiwango hicho ni ngapi? Kimya wiki tano. Nikatuma tena swali hilohilo. Kimya tena. Siku moja natoka kazini gari inaniambia kuna apdeti mpya, nasoma maelezo yake, mambo ya redio, mambo ya ramani, halafu chini kabisa maneno madogo: maboresho ya uunganishaji mtandao gari ikiwa imeegeshwa. Huku bondeni kwetu mtandao ni wa kubahatisha, hata simu napanda nayo ngazi za jirani, sasa piga picha gari usiku kucha inatafuta mnara haipati inatafuta tena. Hakuna aliyeniambia kwamba hilo ndo lilikuwa tatizo, hakuna pole wala samahani. Ila niliweka apdeti hiyo, na traka nikaiacha irudi kazini maana benki wananisumbua, nikaipaki kuanzia Jumatano mpaka Jumatatu: 62 ikawa 60.

Kabetri kapya laki mbili na themanini. Wakala wakanipigia wakasema "kwa nia njema" watalipia nusu, ila nisaini karatasi kwamba sio madai ya waranti. Nimesaini. Najua, najua, lakini gari ilikuwa inabustiwa kila asubuhi na watoto wanachelewa shule.

Nikiulizwa nyota, gari naipa nne, wakala mbili, na moja kati ya hizo mbili ni ya yule dada na kahawa yake. Ningeinunua tena? Ndiyo, ila ningetoka shorumu na jibu lililoandikwa la asilimia ngapi kwa siku ikipaki, na ikifika chini kiasi gani inaacha kukachaji kabetri kadogo. Yangu inaacha kwenye 12, imeandikwa kwenye kitabu, ukurasa ambao hakuna binadamu anayeufikia kwa hiari yake. Ndo maana ilinifia ikiwa na 11 na sio sifuri.

Mwezi wa kumi na mbili tunarudi Bukoba kumalizia mambo ya msiba wa baba mdogo. Apu nimeshamwambia mke wangu aifute kwenye simu yangu, ya kwake abaki nayo na aangalie Jumapili tu. Zile nyaya za kubustia nilizifunga vizuri nikazirudisha kwa mzee jirani na kilo mbili za sukari, sukari akapokea, nyaya akazitundika upande wangu wa ukuta, akasema zikae hapohapo.