Mlima Meru kwa wanandoa: hesabuni waongozaji kabla ya kuvuka geti

Wenzetu wengi mwaka wa ishirini wa ndoa huwapeleka Zanzibar. Baba Neema alitaka mlima, na mimi nilitaka mlima huu hasa. Kilimanjaro gharama yake ni nzito, ila Meru mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kujipanga. Viingilio vya Mtanzania hifadhini viko chini mno ukilinganisha na vya mgeni, mradi tu usisahau kitambulisho cha taifa.

Tulipitia kampuni moja ndogo ya Arusha. Sitaitaja, malalamiko yangu nimewapelekea wenyewe. Tulilipia siku nne. Wapo wanaouza siku tatu, lakini hizo maana yake ni kwamba siku ya kilele unashuka moja kwa moja hadi getini Momella, pale safari inapoanzia, zaidi ya mita 3,000 kwenda chini kwa magoti yaleyale yaliyopanda usiku kucha. Watu waliovuka arobaini, lipeni hiyo siku ya nne.

Siku ya kwanza ni raha tupu. Askari wa hifadhi mwenye bunduki anatangulia kwa sababu ya nyati, twiga wanakutazama bila haraka, na msituni mbega wanaruka na mikia yao mieupe. Tulilala Miriakamba, kibanda cha kwanza, mita 2,514, kwenye vitanda vya ghorofa, mume wangu juu mimi chini. Chakula kilikuwa kizuri kupita nilivyotarajia: supu ya maboga, chapati za moto, chai ya tangawizi.

Kasoro ilijitokeza mapema, pale pale Momella. Mkataba wetu ulisema mwongozaji na msaidizi wake. Alikuja mwongozaji peke yake. Nikapiga simu ofisini, nikaambiwa msaidizi atatukuta Miriakamba. Hakuja Miriakamba, wala Saddle, kibanda cha pili. Kwa kundi la watu wanane labda usingeona tofauti. Kwa watu wawili, kuwepo kwa msaidizi ndiko kunakoamua kama, mmoja akiugua, mwingine anaendelea au anarudi.

Na mmoja aliugua. Mchana tulipofika Saddle, mita 3,570, tulipanda Little Meru, kilele kidogo cha jirani, kuuzoesha mwili, na Baba Neema alikuwa mzima kabisa. Tukaondoka usiku wa manane na tochi za kichwani. Baada ya Rhino Point njia inakuwa ukingo wa mwamba, kuna sehemu unashika kwa mikono, na kushoto kwako ni giza la shimo la volkeno. Hapo akaanza kunyamaza. Mimi ni muuguzi, namjua mume wangu, kimya chake hakikuwa cha kuchoka. Akatapika. Mwongozaji alimkalisha, akampima oksijeni kidoleni, akamuuliza jina la mtoto wetu wa mwisho na ni siku gani leo, kisha akamsimamisha atembee kisigino kikigusa kidole cha mguu wa pili. Akayumba. Nimewahi kuona wagonjwa wakipimwa kwa haraka zaidi ya hapo hospitalini, nami namheshimu sana kijana yule kwa utulivu wake.

Akasema tunashuka. Baba Neema akakataa kwa ajili yangu. "Mama Neema aende, mimi nitakaa hapa nimsubiri." Mgonjwa wa mwinuko, yaani aliyedhurika na hewa nyembamba ya juu, haachwi peke yake kwenye baridi, na dawa yake ya kwanza ni kushuka. Kundi jingine lilikuwa mbele mno pamoja na askari. Nilikuwa na nguvu, kichwa chepesi, miguu mizima. Msaidizi angekuwepo, ningeendelea hadi Kilele cha Ujamaa, ncha ya juu kabisa ya Meru, na mume wangu angeshuka salama na mtu wake. Hilo bado linaniuma, nalisema waziwazi.

Jua lilitukuta tukishuka. Kilimanjaro ilitokeza juu ya mawingu upande wa mashariki, na ndani ya shimo la Meru ile koni ya majivu ikaanza kuonekana, nyeusi, na ubavu wake mmoja ukipata mwanga. Kufika Saddle, Baba Neema aliomba uji. Nikajua amepona.

Jioni Miriakamba mpishi akatuletea keki. Alikuwa ameioka kwenye sufuria ndogo iliyowekwa ndani ya kubwa, kokoto chini, mkaa wa moto juu ya mfuniko. Kwenye sukari aliandika majina yetu wote wawili. Wapagazi waliimba, na mume wangu, ambaye harusini kwetu hakucheza, alicheza.

Kampuni ilirudisha fedha ya msaidizi baada ya simu nyingi, bila kuomba radhi. Vifaa vyao vilikuwa safi, mifuko ya kulalia ilikuwa mizito ya kutosha, gari lilifika kwa wakati. Nawapa nyota tatu. Ukiwatumia wao au wengine, msivuke geti la Momella hadi muwaone kwa macho watu wote mliowalipia.

Mwongozaji, mpishi na wapagazi wana nyota tano kutoka kwangu. Bakshishi tuliwapa kila mmoja mkononi mwake, nanyi fanyeni hivyo, msimwachie mtu mmoja awagawie.