Mafundi AC wa Namanga, Msasani: wanaosha na kupima kabla ya kugusa gesi

Nawapa nyota nne kati ya tano. Kama unakaa Msasani, Mikocheni, Kawe au popote karibu na bahari hapa Dar es Salaam, na umechoka kuambiwa "gesi imeisha, mama" kila joto la Januari likiingia, watafute hawa vijana wenye karakana ndogo pale Namanga.

Nyumbani tuna AC mbili za split, yaani mashine moja ndani na nyingine nje, zote za nguvu ya kupoza ya BTU 12,000, zote za gesi ya aina ya R410A. Moja iko chumbani kwa mama yangu mzazi, ambaye ana pumu, nyingine iko sebuleni. Zote zilikuwa na ugonjwa uleule: upepo hafifu, ubaridi wa kubahatisha, na mabomba kwenye mashine ya nje yakiganda barafu. Ya mama ilizidi, kwa sababu ilidondosha maji ukutani na kutoa harufu ya ukungu, na usiku alikuwa anakohoa. Fundi wetu wa zamani alikuwa na tiba moja tu. Anafunga geji ya kupimia presha, anaongeza gesi, anapokea hela, anaondoka. Filta hakuwahi hata kuzichomoa.

Jambo hili linaniuma kwa sababu linawala watu wengi pesa. Gesi ya AC haitumiki ikaisha. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inabeba joto la chumbani kwenda kulitoa nje, kisha inarudi kubeba jingine. Ikipungua ujue inavuja, na anayeongeza bila kutafuta inapovujia atarudi tena mwakani kuchukua hela ileile. Na hiyo barafu ambayo mafundi wengi wanakuonyesha kama ushahidi, inaweza kutokana na gesi pungufu, lakini pia inaweza kutokana na filta na koili (mabomba ya ndani yanayopoza hewa) zilizoziba vumbi mpaka hewa ya chumbani haipiti. Huwezi kujua ni ipi kabla ya kuosha.

Hawa wa Namanga walinivutia kabla hata hawajafika. Yule mkubwa aliniomba nimtumie picha ya kibandiko kilichopo ubavuni mwa mashine ya nje. Pale huwa pameandikwa aina ya gesi, uzito wake unaotakiwa na umeme ambao mashine inapaswa kula. Dada yangu ana AC mpya ya R32, gesi ambayo inaweza kushika moto, kwa hiyo fundi asiyeuliza aina ya gesi mimi simfungulii geti.

Alipofika alimwamkia mama, akawasha AC, akaiacha ifanye kazi kwanza huku akipima. Hewa inayoingia juu ilikuwa nyuzi 28, inayotoka chini nyuzi 22. Alitaka tofauti ianzie nane kwenda juu. Akazima kwenye swichi kubwa, akatandika nailoni ukutani na juu ya kitanda, akafungua. Filta zilikuwa zimevaa blanketi la vumbi. Ile feni ndefu ya ndani ilikuwa nyeusi kwa ukungu, na hewa yote anayovuta mama yangu usiku ilikuwa inapita hapo. Bomba la kutolea maji lilikuwa limejaa ukoga, ndiyo maana maji yakakosa njia na kurudi ukutani. Alilizibua kwa upepo, kisha akapitisha maji safi mara kadhaa mpaka akaridhika.

Mashine ya nje aliiosha kwa subira. Upepo wa bahari unaleta chumvi, chumvi inakula mapezi ya alumini, vile vibati vyembamba vya kutolea joto, na ukiyapiga maji kwa nguvu yanalala na kuziba kabisa. Kwa hiyo alipunguza kasi ya pampu, akayapiga maji kwa kunyoosha, kutoka ndani kuja nje.

Baada ya kuosha, AC ya mama ilivuta nyuzi 27 na kutoa 16. Barafu haikuonekana tena. Gesi hakuigusa, wala hakunidai hata senti ya gesi.

Ya sebuleni ilioshwa vilevile lakini ikabaki dhaifu, ndipo akaanza kutafuta uvujaji. Alipaka povu la sabuni kwenye maungio na nati moja nje ikatoa mapovu. Hakuikaza tu. Aliirudisha gesi yote ndani ya mashine ya nje, akakata mdomo wa bomba uliopasuka, akautengeneza upya, akajaza naitrojeni kujaribu kama bado panavuja, akavuta hewa yote kwa pampu, kisha akaongeza gesi iliyopungua kwa kupima kwenye mizani. Nilimuuliza kwa nini asiiachie tu hewani kama wenzake. Akasema gesi hii ikitoka inachangia joto la dunia mara zaidi ya elfu mbili ya uzito uleule wa kaboni dioksaidi, na yeye alifundishwa chuo cha ufundi cha VETA asiiachie. Kijana wa rika la wanangu, na anaifanya kazi yake kwa heshima namna hiyo.

Bei: sevisi ni shilingi 40,000 kwa AC moja. Matengenezo ya uvujaji na gesi yalihesabiwa mbali, na aliniambia jumla kabla ya kuanza. Malipo ni taslimu au kwa simu. Hakikisha tanki lina maji, pampu yao inakunywa, na siku ambayo maji ya DAWASA hayatoki watakwama.

Nyota waliyoikosa ni ya msaidizi wake. Mashine yetu ya nje iko ghorofa ya kwanza, na kijana yule alitaka kupanda ukutani bila mkanda wa usalama. Nilikataa mpaka wakaleta ngazi ndefu na mtu wa kuishika, na kazi ikachelewa kwa hilo. Mkanda wanunue, tafadhali. Mafundi wazuri hivi sitaki kusikia mmoja wao ameanguka. Risiti nayo nilipewa baada ya kuidai.

Waliniachia maelekezo ya kuosha filta mwenyewe kila baada ya wiki mbili kwa maji ya kawaida, kuzikausha kivulini, na kuiweka rimoti kwenye 25 badala ya 16. Mama analala vizuri, na ukuta wake umekauka. Ukitaka kuwapata kwa urahisi wapigie Oktoba au Novemba, kwa sababu kaskazi ikishaanza utasubiri zamu yako kwa wiki nzima au zaidi.